Mama Saa na Karela za Dereva

Kwa miaka thelathini na moja mwanamke huyu alitengeneza saa za watu katika chumba kilichokuwa chini ya ngazi za jengo la ofisi. Chumba chenyewe kilikuwa kidogo kiasi kwamba mteja mnene akiingia, ilibidi fundi asogeze kiti nyuma ili wote wawili wapate pa kupumulia. Dari lilishuka mshazari kufuata ngazi, na kila aliyepanda au kushuka alisikika juu ya kichwa. Alishazoea. Bila kuinua macho angeweza kukwambia kwamba huyo anayepita ni karani wa ghorofa ya pili, maana hukanyaga kwa kisigino, au kwamba mama wa ofisi ya bima leo kavaa viatu vipya na vinambana.

Watu walimwita Mama Saa. Ufundi alifundishwa na baba yake, ambaye hakuwa na mtoto wa kiume na hakuona sababu ya kumsubiri. Yeye mwenyewe alikuwa na miaka hamsini na minane, mwembamba, mwenye mikono midogo iliyotulia mno. Wateja walitania kwamba anaweza kutunga uzi kwenye sindano huku akipiga chafya.

Mumewe kila mtu alimwita Dereva. Aliendesha malori ya safari ndefu mpaka mgongo ukamgomea, akastaafu. Mkewe alikuwa bado na kazi. Yeye akabaki na siku nzima na nyumba tupu. Wiki ya kwanza alilala. Ya pili alipanga upya kabati zote, hata vijiko vikawa havionekani. Ya tatu aliingia jikoni, na tangu hapo hakutoka.

"Fundi," alimwambia mkewe, maana nyumbani alimwita hivyo, "kuanzia leo wewe ni kurudi, kunawa, kukaa na kula. Usukani wa jiko ninao mimi."

Mwanzoni chumvi aliisahau, au aliikumbuka mara mbili. Lakini alikuwa mtu wa kujifunza, na hakuona haya kumpigia simu dada yake mkubwa kuuliza kitunguu huiva kikiwa na rangi gani. Miezi sita haikuisha kabla majirani hawajaanza kupita pale mchana kwa visingizio.

Mama Saa alikuwa na ugonjwa wa sukari, mwaka wa nne sasa. Alikuwa akimeza vidonge vya aina mbili: kimoja asubuhi na jioni pamoja na chakula, kingine kabla tu ya kifungua kinywa. Aliumeza ugonjwa wenyewe vilevile, kimyakimya, bila kelele. Siku moja akarudi kutoka kliniki akiwa na karatasi ya majibu. Kipimo kile kinachoonyesha wastani wa miezi mitatu kilikuwa kimepanda hadi karibu asilimia tisa. Daktari alimwambia apunguze wanga, atembee nusu saa kila siku, arudi baada ya miezi mitatu.

Dereva aliisoma ile karatasi akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa amekaa.

"Ni mimi," alisema. "Ni chakula changu."

"Si wewe. Mimi ndiye ninayekaa kwenye kiti kutwa nzima kama sanamu."

"Anayepika nani?"

"Anayekula nani?"

Hakukubali. Usiku huo alishindwa kumaliza sahani yake mwenyewe, na kesho yake asubuhi akampigia simu dada yake.

Huyo dada wa Dereva, wifi yake Mama Saa, alikuwa mwanamke mwenye moyo wa dhahabu na mdomo usio na kizuizi. Alijua dawa ya kila ugonjwa, na usipokuwa na ugonjwa alikutafutia. Alifika kabla ya adhuhuri na mfuko mkubwa na ndoo yenye mche unaotambaa. Ndani ya mfuko mlikuwa na karela: vitunda virefu vya kijani, ngozi imejaa vinundu na mikunjo kama mgongo wa mamba.

"Hii ndiyo dawa ya sukari," alitangaza. "Saga tunda na majani yake mabichi, chuja, glasi moja asubuhi kabla hajatia kitu kinywani. Miezi miwili tu, na vile vidonge atawapa kuku."

Dereva aliotesha ule mche siku hiyohiyo kando ya waya wa uani, akaufungia kamba utambae. Kesho yake alfajiri mashine ya kusagia ilinguruma. Mama Saa alipotoka kuoga alimkuta mumewe amesimama mlangoni na glasi ya kijani, uso umejaa matumaini kama mtoto anayekuletea mchoro wake.

Akanywa. Uchungu ulianzia ulimini, ukapanda puani, ukashuka kooni, kisha ukarudi ulimini kuhakikisha hakuna ulichosahau.

"Umemeza?" Dereva aliuliza.

"Nimemeza. Sijui kama nipo mzima."

"Ni chungu sana?"

"Mume wangu, mambo mengine hayasimuliki."

Walicheka wote wawili, naye akaenda kazini akiwa na uchungu mpaka masikioni. Lakini kesho yake alikunywa tena, na keshokutwa. Si kwamba aliiamini sana. Alimwona mumewe anavyoamka mapema, anavyochagua tunda lililo bora, anavyoosha majani moja moja kama mtu anayeosha vyombo vya wageni, na hakupata moyo wa kumwambia basi. Kliniki hawakuwaambia. Waliona kama mboga tu; nani huenda kumripotia daktari mboga?

Wiki ya pili Dereva aliona mambo yanakwenda vizuri. Hakuwa amepima; mashine ndogo ya kupimia sukari ililala kwenye droo, vijiti vyake vimebaki vichache. Aliona tu kwamba mkewe amepungua kidogo usoni, akahesabu hiyo ni dalili njema. Akaongeza gia: kutoka glasi hadi kikombe kikubwa cha chai. Na kwa kuwa kikombe kile kilimfunga Mama Saa hamu ya kula, mkate wake wa asubuhi ukaanza kurudi kwenye sahani robo, halafu nusu, halafu mzima.

Vidonge aliendelea kumeza vyote kama kawaida.

Ilikuwa Jumanne, saa tano asubuhi. Alikuwa amekuja mwalimu mstaafu wa hesabu, mzee mrefu aliyelazimika kuinama ili dari lisimgonge, kuulizia saa ya mfukoni aliyoachiwa na baba yake. Mama Saa alikuwa ameifungua, kilenzi kimebanwa jichoni, kibano mkononi, anataka kurudisha skrubu isiyozidi chembe ya mchanga.

Skrubu ikadondoka.

Akaiokota, ikadondoka tena. Akatazama mkono wake. Ulikuwa unatetemeka. Katika miaka thelathini na moja mkono huo haukuwahi kutetemeka, hata siku aliyomzika baba yake na kurudi dukani jioni. Jasho lilimtoka mgongoni ingawa feni ilikuwa inazunguka. Moyo ulikwenda mbio. Akaitazama saa ya ukutani iliyokuwa mbele yake na kuona namba zake zinaelea.

"Mwalimu," alisema kwa sauti nzito, "hii saa yako haina saba."

"Saa yangu iko mezani, fundi. Unayoitazama ni ya ukutani."

"Nani kaiiba saba?"

Mwalimu hakucheka. Marehemu mkewe aliishi na sukari miaka ishirini, na maneno kama hayo alishawahi kuyasikia jikoni kwake. Alimtoa kibano mkononi taratibu, akamwegemeza ukutani, akatoka kwa hatua ndefu hadi kwa muuza chai wa mlangoni. Alirudi na kikombe cha chai iliyokorogwa sukari mpaka imekuwa nzito.

"Unaweza kumeza? Haya, kunywa, mwanangu. Kidogokidogo. Yote."

Akanywa. Mwalimu alikaa juu ya kasha la saa mbovu, akautazama mkono wa fundi, akahesabu dakika. Zilipofika kumi na tano Mama Saa alikuwa amerudi duniani, ananuka jasho, ana aibu, na njaa ya kula meza.

"Nimesema nini?"

"Umetoa taarifa ya wizi," mwalimu alijibu. "Sasa nipe namba ya simu ya mumeo, twende kliniki."

Dereva aliwakuta kliniki akiwa na kandambili mguu mmoja na kiatu mguu mwingine. Sukari ilikuwa imepimwa: tatu nukta nane, bado chini, na hiyo ni baada ya chai yote ile. Daktari wa kliniki ya sukari alikuwa binti wa rika la mtoto wao, mpole, mwenye tabia ya kusikiliza mpaka unamaliza sentensi.

"Shikamoo mama. Pole sana. Asubuhi ulikula nini?"

"Mkate," alisema Mama Saa.

"Kiasi gani?"

"Kidogo."

"Kuna kitu kingine unatumia? Dawa nyingine, chai ya majani, chochote?"

Mama Saa alitazama sakafu. Alijua jibu, na alijua jibu hilo lingemwangukia nani. Kabla hajafungua mdomo, Dereva alisimama.

"Ni mimi, daktari. Namsagia karela. Matunda na majani. Kikombe kikubwa hivi." Akaonyesha kwa mikono ukubwa wa kikombe. "Nilidhani namponya."

Daktari alimwomba akae. Hakuwagombeza. Aliwaeleza kwamba karela si hadithi tupu. Ina vitu vinavyoweza kushusha sukari, ingawa utafiti uliopo ni mdogo na majibu yake hayakubaliani. Tatizo ni kwamba kile kidonge cha kabla ya kifungua kinywa nacho kinashusha, tena kwa nguvu. Ukiviweka viwili pamoja juu ya tumbo tupu, sukari inaanguka kupita kiasi, na hapo hatari si tena ugonjwa, ni kushuka kwenyewe. Mtu anaweza kuzimia barabarani.

"Kwa hiyo siigusi tena," Dereva alisema.

"Kwa sasa, isimame kabisa. Majuma mawili. Tupime tujue tulipo. Nami nitakitazama upya kile kidonge."

Walipofika nyumbani Dereva alipita moja kwa moja uani. Ule mmea ulikuwa umeshatambaa waya mzima, una maua madogo ya njano na matunda machanga yananing'inia. Aliushika shina kwa mikono miwili.

"Uache," mkewe alisema kwa nyuma.

"Nilitaka kukuua na dawa, Fundi."

"Ulitaka niishi. Hukujua kipimo, wala mimi sikujua. Mimi ndiye niliyenyamaza kliniki, na mimi ndiye niliyerudisha mkate. Uache mmea wa watu."

Hakuuachia. Mabega yake yalikuwa yanapanda na kushuka. Mama Saa alikuja akasimama karibu naye, akamshika kiwiko. Katika ndoa yao ya miaka thelathini na tatu alikuwa amemwona akilia mara mbili tu, na hii ikawa ya tatu. Alimsubiri amalize. Halafu akamwambia aende avae viatu vinavyofanana, ili wapate cha kula.

Majuma mawili yale Mama Saa alifanya kitu alichokuwa hajawahi kuufanyia mwili wake: aliushughulikia kama kazi ya mteja. Alinunua daftari. Alipima sukari asubuhi kabla ya kula na saa mbili baada ya chakula cha mchana, akaandika kwa mwandiko wake mdogo alioandikia vibandiko vya saa. Alikula kifungua kinywa kamili. Alianza kwenda kazini kwa miguu, na mumewe akamsindikiza, mgongo wake ukilalamika kwa hatua mia za kwanza kisha ukizoea. Saa ya mwalimu aliimaliza siku ya tatu, kwa mkono mtulivu, akakataa kabisa kupokea malipo yake.

Waliporudi kliniki, aliweka daftari mezani.

"Daktari, nataka kukuuliza. Nikitaka kuila karela kama mboga, si kuinywa, haiwezekani?"

Dereva aligeuka kumtazama kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa redioni.

"Unaipenda?" daktari aliuliza kwa mshangao.

"Siipendi. Lakini ipo uani, na kuna mtu anaimwagilia kila siku bila kuitazama usoni."

Daktari alitabasamu akalifungua lile daftari, ukurasa mmoja mmoja. Alikuwa amekipunguza kile kidonge kikali siku ya kwanza, na namba zilikuwa zimetulia, juu kidogo lakini zimetulia.

"Tufanye hivi," alisema. "Vidonge havipungui wala haviachwi, isipokuwa mimi nimesema. Karela ipikwe, mbegu zitolewe, uile katikati ya mlo, kamwe si juu ya tumbo tupu. Uanze na vipande sita vyembamba, mara tatu kwa juma. Unaendelea kupima."

"Na nisibadilishe kitu kingine majuma hayo," Mama Saa aliongeza.

"Kwa nini?"

"Saa ikiwa inakimbia, huchezei skrubu mbili kwa pamoja. Utajuaje ni ipi iliyoitengeneza, na ipi imeiharibu?"

Daktari alicheka, akaiandika sentensi hiyo pembeni ya faili. Aliongeza mengine: wasimpe mtoto mdogo wala mwanamke mjamzito; siku Mama Saa akitakiwa upasuaji wowote, aseme mapema na aiache wiki mbili kabla; tumbo likivurugika, aiache; na mkobani kuwe na sukari au peremende wakati wote. Dereva aliomba kalamu. Alipofika nyumbani alikata ubavu wa boksi, akaandika kwa herufi kubwa, akaubandika kwenye ukuta wa jikoni:

KASI: VIPANDE SITA. CHAKULA KWANZA BARABARANI.
VIDONGE HAVISHUKI GARINI.
WASIORUHUSIWA KUPANDA: WATOTO NA WAJAWAZITO.
UKITETEMEKA: BREKI, SUKARI VIJIKO VITATU, DAKIKA 15, PIMA.

Karela ya kwanza ya kupikwa ilikuwa balaa. Dereva aliikata minene, akaichemsha mpaka ikalegea, na jiko likanuka kama duka la dawa lililofurika maji. Ya pili aliikaanga, ikaungua na bado ikabaki chungu, mambo mawili kwa bei ya moja. Mkewe alikula vipande vyake sita kila mara, akihesabu, huku akiangalia dirishani.

"Sema ukweli," Dereva alimwambia.

"Ukweli ni kwamba ile juisi ilikuwa na huruma."

Mara ya nne ndipo alipofumbua fumbo. Aliikata nyembamba kama sarafu, akaisugua chumvi, akaiacha nusu saa itoe maji yake, akaikamua kwa viganja, akaisuuza vizuri ili chumvi iondoke, kisha akaigeuzageuza kwenye kitunguu na nyanya hadi kingo zikaanza kuwa kahawia. Mama Saa aliweka kipande kinywani akasubiri adhabu. Uchungu ulikuja, lakini ulikuja umevaa vizuri, umenyooka, ukapita na kumwachia ulimi safi. Akala cha pili.

"Eh," alisema.

"Eh nini?"

"Eh tu."

Dereva aligeukia jiko ili asionekane anavyotabasamu.

Daftari likaendelea kujaa. Baada ya mwezi, kwa kuwa hapakuwa na mtetemeko wala namba iliyoshuka vibaya, daktari aliruhusu vipande sita kila siku pamoja na chakula cha mchana. Ndivyo karela ilivyopata nafasi yake mezani, si dawa tena hasa, wala si mboga kama nyingine. Ilikuwa kitu kidogo pembeni ya sahani, ambacho Mama Saa alianza kukikosa siku alipokula kwa watu.

Wifi hakufurahishwa.

"Vipande sita?" aliuliza, akiwa amekuja kukagua. "Hiyo ni dawa au ni pambo? Mimi niliwapa glasi!"

"Wifi yangu," Mama Saa alimwambia kwa upole, "glasi yako ilinitoa duniani nikarudi kwa chai ya mwalimu. Nilimuuliza nani kaiiba saba ya saa yake."

Hadithi hiyo wifi alikuwa hajaelezwa yote. Dereva alikuwa amemficha, asimuumize. Aliposikia alikaa chini, mkono kifuani, na kwa dakika nzima hakusema lolote, jambo ambalo mtaa mzima usingeamini.

"Mbona hamkuniambia?"

"Tunakwambia sasa."

"Mimi na mdomo wangu," alisema polepole. "Kuna mama mmoja kule kwetu nilimpa hayahaya." Akainuka bila kumaliza chai yake, akaenda kumtafuta huyo mama. Alimkuta mzima, ameshaimwaga ile juisi tangu siku ya kwanza kwa sababu ya uchungu. Wifi alisema hakuwahi kufurahi hivyo kwa mtu kudharau dawa yake.

Jumapili moja, mwezi wa tatu wa daftari, familia ilikutana kwenye meza ya jikoni kwa chakula cha mchana. Binti yao, mpimaji wa ardhi aliyezoea kula popote kazi inapomkuta, alikuja na mumewe. Ndoa yao ilikuwa mwaka wa tano sasa, na kuhusu watoto hakuna aliyewauliza kitu, maana Mama Saa aliwakataza wote, hasa wifi, kwa kidole. Binti huyu hakuwa mchaguzi wa chakula. Baba yake alisema hata mawe ukiyakamulia limau atayala.

Dereva alileta bakuli la karela kwa fahari, akalipitisha. Mkwe akachukua, wifi akachukua, Mama Saa akahesabu sita zake. Binti akalipokea bakuli na kulipitisha moja kwa moja kwa baba yake.

"Hata kuonja?" Dereva aliuliza. "Baba yako kapika kwa mikono hii."

"Leo hapana, Baba."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi chukua kipande kimoja. Uchungu wake siku hizi una adabu."

"Baba, siwezi."

Alisema hivyo akiangalia juu ya bega la baba yake, ukutani, kwenye kile kipande cha boksi. Mama Saa aliyafuata macho ya mwanawe. Akasoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akaweka kijiko chini taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha kitu.

"Mstari wa tatu?" aliuliza.

Binti akatikisa kichwa kukubali, na macho yakamjaa maji.

"Mstari gani?" Dereva aliuliza. "Mnaongea nini?" Akageuka, akausoma mwandiko wake mwenyewe kwa sauti, kidole hewani: "Kasi, vipande sita. Vidonge havishuki. Wasioruhusiwa, watoto na wajawazito. Ukitetemeka, breki..." Akarudi mstari mmoja nyuma. Akausoma tena, kimya, midomo tu ikicheza.

Kisha akakaa chini sakafuni, palepale alipokuwa, bakuli mapajani.

Wifi ndiye aliyepiga kigelegele, na kwa mara moja hakuna aliyemwambia apunguze sauti. Mkwe, kijana mkimya, alicheka mpaka akapaliwa. Mama Saa alizunguka meza, akamshika binti yake uso kwa viganja vyote viwili, akamtazama tu. "Miezi mingapi?" Binti akajibu, "Mitatu na siku kidogo. Tulitaka tuwaambie baada ya chakula." "Chakula kimekwisha," Mama Saa alisema, ingawa sahani zote zilikuwa bado zimejaa.

Siku nne baadaye Mama Saa alirudi kliniki. Kile kipimo cha miezi mitatu kilikuwa kimeshuka kutoka karibu tisa hadi saba nukta tatu. Dereva, aliyeketi pembeni na viatu vyake viwili vilivyofanana, alishindwa kujizuia.

"Karela hiyo, daktari!"

"Inawezekana imechangia, Baba. Siwezi kukuapia. Mama ametembea kila siku, amepunguza wanga, amemeza vidonge kwa wakati, anapima. Labda ni vyote."

Dereva alifikiri. "Sawa. Lakini hata karela ikiwa haikufanya kitu, haikukaa bure. Imenifundisha kupika."

"Na mimi imenifundisha kuja na daftari," mkewe alisema.

Daktari aliwaambia waendelee vilevile, wasiongeze kipande wala wasipunguze kidonge, warudi baada ya miezi mitatu. Nje jua lilikuwa limefunguka baada ya mvua. Hawakupanda gari. Walitembea, mke akiwa na mkoba wenye peremende ambazo sasa nusu yake alikuwa anazila Dereva kwa siri, na njiani walipita kwenye duka la vitambaa kwa sababu Mama Saa alitaka kuona flaneli laini, nyeupe, upana wa kutosha kumfunika mtoto mchanga.

"Mita mbili?" muuzaji aliuliza.

"Tatu," alisema Dereva.

Mama Saa alimtazama mumewe, akaishika ile flaneli kati ya vidole akaipima ulaini wake.

"Mita tatu," alimwambia muuzaji. "Hapa mwache aongeze."